Chupa Mbili za Mzee Twumasi

Kitambaa chekundu kilikuwa mkobani, na tangu atoke Kumasi Dufie alikuwa hajaamua kama atakifunga kichwani au atakiacha humo humo. Gauni jeusi halikuwa na maneno, maana nyeusi huvaa kila mtu anayekwenda msibani. Nyekundu ni ya wenye uchungu wa nyumba, na katika nyumba hii yeye hakuwa wa ndani wala wa nje. Akikifunga, Shangazi Sarpomaa atamuuliza nani kampa ruhusa. Asipokifunga, Bediako atamuuliza kama baba yake hakuwa kitu kwake. Mpaka anashuka Bonwire na kusikia spika za msibani, alikuwa bado anakibonyeza kitambaa kupitia ngozi ya mkoba, na mkobani kikabaki.

Ilikuwa siku ya kumaliza juma tangu Mzee Twumasi, mfumaji wa nguo za kente, aage dunia. Maturubai yalifungwa mbele ya nyumba. Ukoo wa marehemu ulikaa upande huu, watu wa mkewe upande ule, kwa kuwa kwao maiti hurudi kwa ukoo uliomzaa, na mke, hata akikaa na mume mpaka meno yawatoke wote wawili, siku ya msiba hugeuka mgeni. Dufie alimwona Mama Konadu, mjane, amekaa peke yake kwenye kiti cha mbele. Nyuma yake alisimama Bediako, kitinda mimba wake, macho mekundu kuliko shuka aliyojitanda.

Macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu. Dufie alitamani apite katikati ya viti vyote vile akamshike. Badala yake alisimama pale pale na mkoba wake, kama mtu aliyetumwa kuleta barua.

Na kweli alikuwa ametumwa. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya kiharusi mjini, na kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa utafiti wa vitamini B: kama vidonge vile vinaweza kuilinda mishipa ya ubongo isizibe tena kwa mtu ambaye kiharusi kilishampiga mara moja. Nusu ya wagonjwa walipewa vitamini, nusu vidonge vitupu vya rangi ile ile, na nani kapewa nini hakujua mgonjwa, wala muuguzi, wala daktari. Mzee Twumasi na mkewe waliangushwa na kiharusi mwaka mmoja, mume kwanza, mke baadaye, na wote wawili walikubali kuingia. Aliyekuwa akiwaleta kliniki ni Bediako, mpima ardhi, kijana mrefu aliyeweza kupima shamba la kakao la mtu mkorofi bila kutetemeka, lakini mbele ya muuguzi yule ulimi ulimganda. Kwanza aliuliza habari za dawa. Safari zilizofuata akawa anauliza yale yale aliyokwisha kujibiwa. Mwishowe Mzee Twumasi akachoka kungoja.

"Muuguzi," alisema, "huyu mwanangu hana ugonjwa wa kusahau. Anataka kukuoa na anaona haya. Sasa nisaidie nipumzike."

Hapo ndipo mapenzi yao yalipotoka hadharani. Mzee aliahidi kwamba Pasaka ikipita atakwenda mwenyewe kugonga mlango kwa baba yake Dufie na chupa za jini, kile kinywaji cha kuposea, kama desturi inavyotaka, na kwa mkono wake mmoja mzima akaanza kufuma nguo ya bibi harusi. Pasaka ilipita. Kiharusi cha pili kikamwahi.

Kwa kuwa wagonjwa wale wawili walilala chumba kimoja, Dufie aliogopa dawa zisichanganyike. Kila walipokuja kuchukua chupa mpya alizifunga shingoni kwa vipande vya nguo ambavyo mzee mwenyewe alivileta kutoka kwenye masalia ya kazi yake: cha rangi ya dhahabu kwa mume, cha buluu kwa mke. Alidhani ameziba kila tundu. Hakujua kwamba hapo ndipo alipolifungua.

Mzee alimwambia siri hiyo wodini, kabla hajakata kauli, Bediako akiwa bado njiani kutoka kazini. Ulimi ulikuwa mzito, lakini Dufie alishazoea kusikiliza ndimi za namna ile.

"Mwanangu, nimekuharibia kazi."

"Kazi gani, Baba?"

"Chupa. Tukifika nyumbani nilikuwa nahamisha vitambaa. Yangu anameza Konadu. Yake nameza mimi."

Dufie alikishika chuma cha kitanda. "Kwa nini, Baba?"

"Mkojo wangu ulikuwa wa njano, papai tupu. Wa Konadu maji ya mvua. Nikajua mwenye dawa ni mimi." Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Wakubwa wenu wanaficha kila kitu, wakasahau chooni."

Na alisema kweli. Moja ya vitamini zile hutia mkojo rangi, na wakubwa wa utafiti walilinganisha vidonge kwa umbo, kwa uzito na kwa ladha, hilo lisiwapitie akilini.

"Nilioa msichana aliyejua kufunga kilemba kuliko wote wa Bonwire," mzee aliendelea, pumzi zikimkatikia. "Mkono ukafa. Kila asubuhi anaita jirani aje amfunge, na anacheka ili nisione anavyoumia. Mimi naona. Nikasema dawa ile apate yeye." Kisha macho yake yakawa makali. "Usimwambie. Wala watoto. Dada yangu akisikia, atasema Konadu amenywa uhai wangu. Watamtoa nyumbani kaburi halijakauka. Apa."

"Naapa, Baba."

Kwa daktari mkuu wa utafiti Dufie alisema, kwa kuwa kazi ni kazi na siri za mgonjwa hazitoki mle chumbani. Daktari alimkaripia, akaifuta nyumba ile kwenye hesabu, akamwagiza akazichukue chupa zote mbili. Akamwambia pia jambo ambalo Dufie alilijua: kama vitamini zile zingemwokoa mzee ama zisingemwokoa, hakuna binadamu ajuaye, na ndilo swali lenyewe walilokuwa wakilitafutia jibu. Haya, sasa aende mtu akamweleze hayo Shangazi Sarpomaa!

Shangazi Sarpomaa, dada wa marehemu, alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuuzia nguo soko zima. Alimwona Dufie mapema, akamwacha asimame juani kidogo, ndipo akamwita.

"Karibu, muuguzi. Umekuja kutulilia au umekuja kutupima?"

"Nimekuja kulia pamoja nanyi, Shangazi. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Kaa. La, usikae, simama hapo hapo watu wakuone." Alijigeuza kwenye kiti ili sauti ifike pande zote. "Mimi msichana huyu nampenda, msinielewe vibaya. Ila nilikuwa nasikiliza redio. Redio inasema kwenye hizo tafiti zao nusu ya watu wanapewa dawa na nusu wanapewa chaki. Kweli si kweli?"

"Si chaki, Shangazi. Ni kidonge kisicho na dawa."

"Aaa! Jamani, si chaki. Ni kidonge kisicho na dawa. Sisi ambao shule ilitushinda tufafanuliwe tofauti yake."

Watu walicheka kile kicheko cha msibani, cha kujificha kwenye kiganja.

"Walielezwa, Shangazi. Mzee na Mama walielezwa kabla ya kukubali. Na dawa zao za presha walipewa za kweli, wote wawili, kila mwezi."

"Sikuulizi presha. Nakuuliza chupa yako wewe. Kaka yangu alimeza nini?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Hakuna anayejua, Shangazi. Ndio utaratibu wa kazi yenyewe."

"Muuza ugali wa kenkey wa barabarani, hata kusoma hajui, anajua alichokifunga kwenye jani. Wewe na kofia yako nyeupe umemlisha mtu miaka miwili na hujui ulichomlisha!"

"Sarpomaa, mwache mtoto." Aliyesema alikuwa Mama Konadu. Hakupaza sauti, lakini maturubai yote yalimsikia. "Mume wangu alimpenda. Mwache."

Afadhali angenyamaza. Shangazi Sarpomaa alimgeukia taratibu, akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, na pale kichwani akatua. Kilemba cheusi cha Mama Konadu kilikuwa kimekaa vizuri mno, kimekunjwa mikunjo mitatu na kuchomekwa ncha nyuma ya sikio.

"Na wewe wifi yangu," alisema, "wewe ndiye unayenishangaza. Mlianguka wawili. Mkapewa chupa wawili. Kaka yangu yuko mochwari, wewe umekaa hapo na kilemba cha kwendea harusini. Hebu tuambie na wewe. Wewe ulimeza nini?"

Hapakucheka mtu. Mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa akitafuna kokwa ya kola aliacha kutafuna. Dufie aliona maneno yale yanavyopita kiti hadi kiti, watu wakiinamiana, macho yakimhamia mjane mmoja mmoja. Akakumbuka sauti ya wodini: watamtoa nyumbani kaburi halijakauka.

"Mama alimeza nilichompa mimi!" alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Na Mzee alimeza nilichompa mimi. Chupa nilizileta mimi, nikazifunga kwa mikono yangu. Kama katika nyumba hii kuna mtu wa kulaumiwa, ni mimi. Mama hahusiki."

"Dufie!" Bediako aliita.

Hakumwangalia. Angemwangalia angelia.

"Mmemsikia wenyewe," alisema Shangazi Sarpomaa, na safari hii hakuwa akichezea maneno. Midomo ilimtetemeka, kwani naye alikuwa amefiwa na kaka aliyembeba mgongoni. "Kaka yangu ndiye aliyekuwa aende kugonga mlango kwao. Hayupo. Sasa mlango ule ni wetu sisi kuugonga, na mimi Sarpomaa nasema mbele yenu: sibebi chupa ya jini kwenda kumwombea mwana wa kaka yangu mke aliyemlisha kaka yangu chaki. Anayetaka kubeba, abebe."

Mzee wa ukoo aliinamisha kichwa. Hakuna aliyetaka kubeba.

Bediako alimkamata Dufie mkono akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye banda la kufumia. Kitanda cha mfumi kilikuwa pale pale, na nyuzi zilikuwa bado zimevutwa, na ile nguo ya bibi harusi imefikia nusu, dhahabu na kijani, ukingo umeyumba kidogo pale mkono wa mzee uliposhindwa. Dufie alikuwa hajaiona tangu msiba. Alijishika kifuani.

"Kwa nini umesema vile?" Bediako aliuliza.

"Ungetaka niseme nini?"

"Wewe mwenyewe uliniambia hujui nani anapata nini. Ukaniapia. Leo unasimama mbele ya ukoo mzima unajitwisha kosa lisilo lako. Hujui wanachokwenda kufanya nalo?"

"Najua."

"Unajua, halafu unasema!" Alizunguka banda zima kwa hatua zake ndefu, akarudi. "Ningewabembeleza. Shangazi anafoka, lakini baadaye hulainika, namjua. Sasa nitamwambia nini? Umeufunga mlango wewe mwenyewe, ufunguo ukaumeza."

"Bedi..."

"Usiniite hivyo. Niangalie. Kuna kitu unanificha."

Dufie alimtazama. Alikuwa na nyusi za baba yake, na njia ile ile ya kuuma mdomo wa chini akiwa na maumivu. Kumdanganya asingeweza.

"Kipo," alisema.

"Niambie."

"Siwezi."

"Mimi ni nani kwako, Dufie?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza! Baba yangu amekufa mkono wake ukiwa mkononi mwako. Mimi mwanawe nilikuwa porini napima mashamba ya watu. Nilipofika alikuwa hasemi tena. Kila ninapolala najiuliza, alisema nini? Aliniulizia? Wewe ulikuwepo. Niambie hilo tu. Baba yangu alisema nini?"

Dufie angeweza kusema. Watu walikuwa mbali, banda lilikuwa kimya, na mwanaume aliyempenda kuliko mtu yeyote alikuwa amesimama mbele yake anaomba neno moja la baba yake. Aliyameza machozi pamoja na neno lenyewe.

"Alisema anampenda mama yako," alijibu.

"Basi?"

"Basi."

Bediako alicheka, na kicheko kile kiliuma kuliko matusi. "Baba yangu? Mzee Twumasi? Mtu ambaye kwa umri wake wote alikuwa akimwambia mama 'supu haina chumvi' na hiyo ndiyo salamu ya mapenzi? Nilikuomba maneno ya baba yangu, unanipa ya kwenye kadi." Alijifuta uso kwa ncha ya shuka. "Nilikuwa tayari kugombana na ukoo mzima kwa ajili yako. Nilikuwa tayari kuhama. Lakini mtu atapiganaje kwa ajili ya mtu anayemfungia mlango? Nenda nyumbani, Dufie. Tafadhali nenda."

Dufie alikuwa anageuka kuondoka aliposikia kandambili zikiburuzwa. Mama Konadu aliingia bandani, mfuko wa plastiki mkononi.

"Ooo, mko hapa. Dufie mwanangu, hukufunga nyekundu? Mbona kichwa kitupu?"

"Ninayo, Mama. Iko mkobani."

"Nyekundu haikai mkobani." Mama Konadu aliketi kwenye kibao cha mumewe, akahema. "Msimjali Sarpomaa. Akimaliza kulia atapata akili. Daktari alinipigia simu, akasema utachukua chupa. Hizi hapa. Ya kwangu na ya marehemu. Ila mnanichukulia ya kwangu kwa nini? Ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kunitendea."

"Daktari amesimamisha kwa muda, Mama. Endelea na za presha, hizo usiziache hata siku moja."

"Za presha namezaga. Lakini hii! Tazama." Aliuinua mkono wa kushoto, polepole, vidole vikitetemeka, mpaka ukafika kwenye kilemba. "Leo nimefunga mwenyewe. Mwenyewe! Yule mzee angekuwepo angesema nimekipinda, lakini angefurahi."

"Umependeza, Mama," Dufie alisema.

"Na nitawaambia jambo la kuchekesha, maana mume wangu hayupo wa kunizuia kusema mambo ya chooni. Mwanzo yeye ndiye aliyekuwa akikojoa njano. Ananiita niende nikaone, mtu mzima huyo! Mimi wangu mweupe tu. Halafu, sijui lini, ukaanza wangu kuwa njano na wake mweupe. Nikamwambia, 'Twumasi, Mungu amekuacha amehamia kwangu.' Alicheka mpaka akakohoa." Mama Konadu alitabasamu, kisha tabasamu likasimama njiani. Akakunja uso. "Sasa kitu kama hicho kinakuwaje, Dufie? Dawa inaweza kutoka kwa mtu ikahamia kwa mwenzake?"

Dufie alijua kwamba mwanamke yule amefika ukingoni, kwamba akiachwa afikiri kidogo tu atafika mwenyewe, na akifika hatalala usingizi tena duniani.

"Ni chakula, Mama," alisema haraka, na akajilazimisha kucheka. "Ulikuwa unakula papai sana siku zile. Na majani ya magimbi. Kwa watu wengine yanatia rangi hivyo hivyo. Mkojo hausemi kitu."

"Eti? Hausemi kitu?"

"Hausemi kitu, Mama. Niamini."

"Haya. Wewe ndiye msomi." Uso wake ulifunguka tena. Alizitoa chupa mfukoni akazisimamisha juu ya ubao wa kitanda cha mfumi, moja na kitambaa cha dhahabu, moja na cha buluu. "Papai! Na mimi nikadhani ni Mungu."

Bediako alinyoosha mkono kuzichukua amkabidhi Dufie, amalizane naye. Akaishika ya buluu, ya mama yake. Akawa anaiangalia. Kidole gumba chake kilipita juu ya fundo, kikarudi, kikapita tena.

Dufie alikuwa akizifunga kwa mafundo ya hospitali, ya kipepeo, anayofunga muuguzi yeyote kwenye bandeji. Fundo hili lilikuwa dogo, limebanwa likalala, halina ncha: fundo la wafumaji, wanalounganishia uzi uliokatika ili nguo isionyeshe jeraha. Bediako alifundishwa fundo lile na baba yake kabla hajaanza shule, katika banda hili hili. Aliichukua na ya dhahabu. Fundo lile lile.

Alizitazama chupa mbili. Akamtazama mama yake, kilemba chake. Kisha akayainua macho kwa Dufie, na Dufie akaona maneno ya mzee yanamwingia mwanawe moja baada ya jingine, bila mtu kuyatamka. Dufie alitikisa kichwa kidogo sana. Usiseme. Tafadhali usiseme.

"Una nini wewe?" Mama Konadu alimuuliza mwanawe. "Unalia?"

"Nimemkumbuka Baba, Mama."

"Lia. Mimi nimelia mpaka nimekauka." Alijiinua kwa kushika kitanda cha mfumi, akampapasa shavu. "Ngoja nirudi, wasije wakasema mjane katoroka."

Kandambili zilipokwisha kusikika, Bediako aliketi pale mama yake alipokuwa ameketi, chupa zote mbili mapajani.

"Alikwambia wodini."

"Ndiyo."

"Na hilo ndilo alilosema. Kwamba anampenda."

"Kwa maneno yake, ndiyo."

"Na mimi nikakwambia la kwenye kadi." Aliuficha uso viganjani. "Ungeondoka hivi hivi? Ungeniacha nikuchukie mpaka nizeeke?"

"Niliapa, Bedi."

Aliziweka chupa kibaoni, akasimama akamkumbatia, na Dufie, aliyekuwa amejikaza tangu asubuhi, alilia kwenye shingo yake kama mtoto. Walikaa vile muda mrefu. Kutoka mbele ya nyumba sauti ya Shangazi Sarpomaa ilisikika ikiuliza kwa nguvu, kijana yuko wapi, na yule muuguzi bado hajaondoka?

"Nitawaambia," Bediako alisema. "Nakwenda sasa hivi kuwaambia huna kosa."

"Waambie. Watakuuliza umejuaje."

Bediako alipiga hatua mbili kuelekea nje, akasimama.

"Utasema Baba alihamisha vitambaa. Kisha Shangazi atamgeukia nani? Utasimama mbele ya mama yako useme kwamba alichokuwa akimeza ni cha mumewe?"

"Si hakika kwamba kukosa hicho ndiko kulikomuua! Wewe mwenyewe ulisema hakuna anayejua."

"Hakuna anayejua. Mimi na wewe tunaweza kuishi na hilo. Yeye ataweza?"

Bediako aligeukia kitanda cha mfumi. Alikuwa anautazama ukingo wa nguo ile, pale ulipoyumba.

"Basi tuoane bila wao. Twende Takoradi. Accra. Popote."

"Na wao waseme mwana wa Konadu ameoa aliyemuua baba yake, na mama yake ameridhia? Nyumba ile ni ya ukoo wa baba yako. Wanatafuta sababu tu, Bedi. Leo umeona. Wakikosa kwangu wataitafuta kwake." Aliupapasa uso wake kwa mikono miwili, ili akumbuke. "Wanataka mtu wa kumlaumu. Wameshampata. Mwache awe mimi."

"Mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na mama."

Dufie alizichukua zile chupa pale kibaoni akazitia mkobani, karibu na kitambaa chekundu. Bediako alimshika mkono mara moja tena, akauachia kidole kimoja kimoja. Kisha akajitanda shuka vizuri, akajifuta uso, akatoka mbele yake kwenda kwa watu.

Dufie alibaki bandani, akasikia.

"Mmemalizana?" Shangazi Sarpomaa aliuliza.

"Tumemalizana, Shangazi."

"Na kosa ni la nani?"

Dufie alidhani Bediako atashindwa. Alifumba macho.

"Si amesema mwenyewe?" Bediako alisema, na sauti yake ilikuwa ngumu, ya mpima ardhi anayesoma mpaka wa shamba la mtu. "Ni lake. Mama yangu asiulizwe tena."

Dufie alipopita mbele ya maturubai hakuna aliyemuaga. Bediako alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, macho chini, mikono yote miwili imeshika mabega ya mjane yule. Mama Konadu peke yake, asiyeelewa kitu, aliuinua mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa umekufa, akampungia.

"Nyekundu, mwanangu!" aliita. "Usisahau!"

"Sitasahau, Mama."

Alitembea mpaka barabarani, akapita maduka ya kente na watu waliokuwa wakimwita anunue, mpaka mahali ambapo nyumba ile haionekani tena na hakuna wa kumuuliza nani kampa ruhusa. Hapo aliweka mkoba chini, akakitoa kile kitambaa, akakifunga kichwani.